Watoto Watano wa Persis

Sketi ya Sabato ilikataa kufunga. Persis aliivuta, akabana pumzi, akaivuta tena, mwishowe akachukua pini kubwa akaunganisha pale zipu ilipogoma, na juu yake akashusha sweta. Mikono yake ilikuwa imekonda mpaka saa ikawa inazunguka kwenye kifundo, mashavu nayo yameingia ndani, lakini tumbo lilizidi kukua tu. Hapo Nyansiongo watu walikuwa wanampongeza. Umenawiri, Mama Manasseh! Maziwa yanakukubali! Yeye aliitikia kwa kicheko, na akifika nyumbani anaketi na kufungua pini kabla hata ya kuvua viatu.

Nje, Gesare alikuwa amemaliza kukamua. Persis alisikia ndoo ikitua chini, kisha sauti ya Gesare ikinong'ona kwenye simu. Kunong'ona! Mtu mwenye simu ya halali anamficha nani, ng'ombe? Persis alinyata mpaka dirishani. Aliambulia maneno mawili, "leo" na "nitasema," halafu simu ikazimwa.

"Ulikuwa unaongea na nani asubuhi yote hii?" alimuuliza Gesare alipoingia na maziwa.

"Manasseh, Mama. Ametoka zamu sasa hivi."

"Manasseh akitoka zamu hulala."

"Leo hajalala. Anataka kujua utaonwa na daktari saa ngapi."

Persis alipokea maziwa. Alilichukua jibu hilo akaliweka pamoja na mengine aliyokuwa ameyaweka, na yalishakuwa mengi. Kubwa kuliko yote lilikuwa lile la soda. Gesare alikuwa akipeleka ndizi Daraja Mbili siku za soko, na Nyaboke, jirani yao, alimwona huko ameketi juu ya gunia na Ombui, wanakunywa soda na kuongea polepole. Ombui, shemeji yake Persis! Mtu ambaye hajawahi kumnunulia hata mama yake mzazi soda, leo anamnunulia Gesare kwa sababu gani?

Ombui alikuwa anataka shamba. Hilo halikuwa siri. Cleophas, mume wa Persis, alinunua kile kipande cha Nyansiongo kabla hajafa, na jina lililoandikwa kwenye hati ni lake mpaka leo. Juzi Ombui alikuja kutoka kwao Birongo, akasimama mbele ya chifu na watu wote, akasema, "Huyu mama hajawahi kushika mimba. Hao anaowaita watoto wake si damu ya ndugu yangu. Ardhi irudi nyumbani." Persis akajibu kwamba ana watoto watano na kila mtu anawajua. Chifu alikuna kichwa, akamwambia Ombui alete ushahidi, maneno ya sokoni hayatoshi. Wakaambiwa warudi mwezi ujao.

Sasa ukweli, maana bila huo siku hii haieleweki. Ombui hakuwa anadanganya. Persis hakuwahi kuzaa. Alikaa na Cleophas miaka na miaka, wakaomba, wakanywa mitishamba, wakazunguka kwa kila daktari aliyetajwa, na Cleophas akafa bado nyumba ikiwa kimya. Ndipo Persis akafanya kile ambacho wanawake wa Kisii wamefanya tangu zamani nyumba zao zikikosa mtoto. Alichukua pesa ya majani chai aliyochuma kwa mikono yake, akanunua ng'ombe, akawapeleka kwa kina Gesare, akamwoa Gesare kwa jina la nyumba yake. Mbuzi alichinjwa, wazee wakala, wakabariki. Gesare akazaa watano. Baba yao wa damu ni nani, desturi haiulizi, na wewe usiulize. Ni watoto wa nyumba ya Cleophas na Persis. Persis wanamwita Mama, na Gesare wanamwita Mama Mdogo.

Maneno ya Ombui yalipozidi huko Birongo, Persis aliwahamisha wote Nyansiongo, mahali ambapo jirani mmoja ametoka huku na mwingine kule, na hakuna hata mmoja aliyekula yule mbuzi. Huko watu wakaona walichotaka kuona: Mama Manasseh mwenye watoto watano, na Gesare, mke mwenza, maskini, ambaye Mungu hakumjalia. Hakuna aliyewasahihisha. Miaka yote hiyo Gesare, aliyewazaa wote watano, ndiye aliyehurumiwa kanisani na kusengenywa sokoni kwamba ni tasa. Naye akanyamaza.

Wazee waliokula mbuzi wamekufa. Wachache waliobaki Birongo wangeona haya kumwita mwanamke tasa mbele ya serikali. Kwa hivyo Ombui alihitaji mdomo mmoja kati ya miwili, wa Persis au wa Gesare. Labda wakili angemwambia Persis kwamba hata mahakama inaijua desturi hiyo, lakini wakili ni wa watu wenye wakili.

Ndiyo maana soda ile ilimkaa Persis kooni kuliko hata tumbo.

Hospitali ya Riokemwa ilikuwa imejaa kabla jua halijapanda vizuri. Langoni askari aliwazuia Persis na Gesare kwa rungu, kana kwamba wamekuja kuiba.

"Mtandao wa bima umelala," alisema. "Mkitaka mngoje. Hamtaki, mrudi kesho."

"Jana ulisema nirudi leo," Persis akamwambia.

"Na leo si umerudi? Basi ngoja."

Waliingia, wakaketi kwenye benchi refu la ukumbini. Nyaboke alikuwa ameshafika, amekuja na presha yake. Alisogea kuwapisha, akaanza moja kwa moja habari ya chakula cha ng'ombe kupanda bei tena, na jinsi watu wa maziwa wanavyosema maziwa ni mengi ili wayachukue bure. Persis aliitikia, ee, ee, huku akiangalia mbele. Mbele kulikuwa na meza, na nyuma ya meza nesi kijana mwenye kucha nyekundu, beji yake inasema Gladys. Kila mgonjwa alisimama hapo mezani akaulizwa maswali yake, naye akayajibu, na benchi zima likasikia. Mzee mmoja aliulizwa kama anakojoa vizuri. Wanawake wakaangalia dari kwa adabu, lakini masikio yalibaki palepale.

Ilipofika zamu yake, Persis alishika ukingo wa meza.

"Shida, mathe?"

"Tumbo. Linajaa. Nikila kidogo tu nimeshiba. Na mgongo unauma huku chini, na haja ndogo hainipi nafasi."

"Hedhi ilikoma lini?"

"Zamani."

"Umezaa mara ngapi?"

Hapo tena! Kila akija wanauliza hilo. Tumbo linauma leo, wao wanataka ya zamani. Kwani kuzaa kunahusiana vipi na kushiba? Persis alimtazama vizuri yule msichana, paji la uso, pua, namna ya kutamka.

"Wewe ni msichana wa wapi?"

"Birongo, mathe. Kwani?"

Persis alihisi mgongo wake ukisimama wima. Birongo! Serikali ni moja, alijiambia. Wa chifu anamjua wa hospitali, wa hospitali anamjua wa ardhi, na wote wana mjomba Birongo.

"Watano," alisema kwa sauti, ili hata mtu wa mwisho wa benchi asikie. "Wote wazima."

Nyuma yake Gesare alishusha pumzi kwa nguvu. Persis alisikia, akaliweka na hilo pia.

Chumba cha daktari hakikuwa na mlango. Kulikuwa na pazia la kijani lisilofika mwisho. Daktari Onyiego alikuwa mtu wa furaha, na alimkumbuka.

"Mama wa watano! Bado gesi inasumbua?"

"Bado, daktari. Dawa ya vidonda vya tumbo nimemaliza, na ile ya minyoo nimemaliza. Angalia, sketi haifungi."

"Umri huo, mama. Ukizaa watano na kunyonyesha watano, tumbo hulegea. Na hizo sehemu za uzazi kwako hazinipi wasiwasi, zilifanya kazi yake vizuri." Alikuwa ameshashika kalamu. "Nitabadilisha dawa ya vidonda. Punguza maharagwe, na chai ya maziwa punguza."

"Daktari," Gesare alisema.

Alikuwa amesimama kando ya pazia, mkoba ameukumbatia.

"Ungeambiwa hajazaa hata mmoja, ungesema hivyohivyo?"

Kalamu ilisimama. Persis aligeuka polepole.

"Gesare, nyamaza," alimwambia kwa Ekegusii.

"Nimenyamaza miaka yote, Mama. Leo hapana."

"Kumbe ndiyo ile soda!" Persis alimnyooshea kidole. "Kumbe ulikuwa unangoja nifike kwa serikali!"

"Soda imetoka wapi tena?" Gesare aliuliza, kisha akamgeukia daktari, akarudi kwa Kiswahili, akaongea haraka kabla ujasiri haujamtoka. "Watoto ni mimi niliwazaa. Yeye ni mama yao, lakini tumbo ni langu. Nilisikia kwa redio nikikamua, daktari mmoja anasema mwanamke ambaye hajazaa, mayai yake yanabaki ndani yanaoza, yanakuwa kansa. Tangu siku hiyo silali. Naangalia tumbo lake na silali."

Daktari aliinuka, akavuta pazia, likakataa kufika mwisho, akabaki amelishika kwa mkono mmoja.

"Mayai hayaozi," alisema. Ile furaha yote ilikuwa imemtoka. "Wewe umesikia nusu. Ni hivi. Kila mwezi ovari, kile kifuko cha mayai, kinapasuka kidogo kutoa yai, halafu kinajishona. Ukishika mimba kinapumzika. Ukinyonyesha kinapumzika. Hata vidonge vya kupanga uzazi vinakipumzisha. Mwanamke ambaye hajazaa, chake kimepasuka na kujishona miaka yote bila likizo. Tunadhani hiyo ni sababu moja ya hatari kupanda, ingawa kuna nyingine. Kupanda tu, mama. Si hukumu. Wengi hawajazaa na wanazeeka salama, na wapo waliozaa kumi na ikawapata."

Persis alikuwa bado anamtazama Gesare. Lakini neno moja lilimfikia, akageuza kichwa.

"Wapo waliozaa kumi?"

"Wapo."

"Kwa hivyo hata kama ningekuwa nimezaa hao watano kweli, ingewezekana iwe hiyo."

"Ingewezekana."

"Na ungenipa dawa ya vidonda."

Daktari Onyiego aliiweka kalamu chini. Alimwonyesha kitanda, akamwomba alale. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu waanze kuja mtu kuligusa lile tumbo. Alilibonyeza upande huu, akaligonga kwa vidole upande ule, akasikiliza, akarudia pale chini kushoto, tena na tena. Gesare alitazama uso wa daktari badala ya mikono yake, na alichokiona hapo kilimfanya aketi.

"Hapa kuna maji," daktari alisema. "Na hapa kuna kitu. Sijui ni nini, sitaki kukisia. Nataka skani leo, si kesho." Kisha, kama mtu anayetafuta pa kuuweka mzigo, akaongeza, "Lakini mama, kwa nini ulinificha? Tumepoteza muda mwingi."

Lo! Persis aliketi kitandani, akashika pini yake.

"Nani alimficha nani? Mnaniuliza mambo ya chumbani katikati ya njia, watu wa kijiji changu wote wamekaa wanasikiliza, halafu mnataka ukweli? Ungeniuliza hapa, pazia limefungwa, ungesikia. Hukuniuliza. Ulisoma tu kile msichana alichoandika."

"Nisamehe, mama."

"Haya maneno hayatoki hapa."

"Hayatoki. Nakuahidi."

Persis alimtazama kwa muda, kama anavyomtazama mtu anayepima maziwa yake.

Walirudi kwenye benchi kungoja kuitwa. Nyaboke alikuwa bado hajaitwa, anasinzia, kidevu kifuani. Persis aliketi mbali kidogo na Gesare, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Atakupa nini?" aliuliza bila kumtazama. "Ombui. Nusu?"

"Alisema nusu."

"Haya! Kumbe ni kweli."

"Alisema nikienda kwa chifu niseme watoto ni wangu, atanikatia nusu ya shamba, na nyingine aiuze. Nilikunywa soda yake kwa sababu nilikuwa na kiu, Mama. Jua lilikuwa kali na ndizi hazitoki. Kisha nikamwambia aende zake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeamini?"

Swali hilo lilimpata Persis. Hangeamini. Alijijua. Hata sasa hakuwa na hakika kama anaamini.

"Na simu ya asubuhi?"

"Ilikuwa Manasseh. Nilimuuliza niseme kwa daktari au nisiseme, maana nikisema na Ombui akijua, shamba limekwenda. Akasema niseme." Gesare alifuta pua kwa nyuma ya kiganja. "Alilia, Mama. Mtu mzima na sare yake ya ulinzi, analia kwenye simu."

Persis aliinamisha kichwa. Alitazama miguu ya watu, viatu vya mpira, ndala, viatu vya kanisani vilivyopigwa rangi. Tumbo lilimvuta chini. Alitaka kumwamini huyu mwanamke, na aliogopa kumwamini, na kati ya hayo mawili hakujua lipi lilimchosha zaidi.

Nesi Gladys alitokea mwisho wa ukumbi, akapiga makofi mawili kama mwalimu.

"Wa skani! Yule mama wa skani ni nani?" Watu wakatazamana, kila mtu anamngoja mwenzake. Msichana aliangalia saa yake, akapaza sauti. "Yule ambaye daktari amesema hajawahi kuzaa! Mama hajawahi kuzaa, yuko wapi?"

Benchi zima likageuka. Mtoto mmoja aliyekuwa analia akanyamazishwa kwa titi. Persis aliikumbuka ahadi ya daktari. Hayatoki hapa! Hata chai ya daktari haijapoa.

Nyaboke aliamka, akameza mate, akamgusa Gesare begani kwa huruma kabisa.

"Gesare, si wewe huyo? Unaitwa. Nenda, mama, usione haya. Ni Mungu tu."

Gesare alimtazama Nyaboke, akamtazama Persis. Kisha akainuka.

"Ni mimi, sista," alisema.

Hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo Persis aliliona, na lilimchoma kuliko kitu chochote siku hiyo. Watu waligeuza macho, mmoja akatikisa kichwa, mwingine akarudi kwenye simu yake, maana ilikuwa habari ya zamani na mwenyewe ameshaizoea. Gesare alijifanya anaokota mkoba, akainama karibu na sikio la Persis.

"Njoo nyuma yangu kama unanisindikiza," alinong'ona. "Tukifika ndani tutabadilishana. Hakuna atakayejua."

Ilikuwa njia safi. Persis aliiona yote mpaka mwisho wake. Skani ingefanywa, Nyaboke angerudi Nyansiongo bila jipya, na Ombui angefika kwa chifu mikono mitupu. Na kile kitu cha upande wa kushoto kikiwa ndiyo kansa, je? Akifa, ingekuwaje? Angezikwa kama mama wa watano, na siku ya tatu Ombui angemfukuza Gesare na ndoo yake, mke mwenza tasa asiye na chochote katika boma lile. Nani angesema vingine? Wazee waliokula mbuzi hawapo. Na yeye Persis alikuwa amehakikisha kwamba Nyansiongo nzima inaamini uongo.

Alimshika Gesare sweta, akamvuta chini.

"Keti."

"Mama, tafadhali..."

"Keti, nimesema."

Aliinuka yeye. Pini ilifunguka alipokuwa anainuka, akaishika sketi kwa mkono mmoja, basi akasimama hivyo, ameshika sketi.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye sijazaa."

Nyaboke alicheka kidogo, akidhani ni mzaha, halafu akaacha kucheka.

"Mama Manasseh, unasema nini?"

"Nasema unavyosikia. Manasseh na wadogo zake wote wametoka kwa tumbo la huyu." Aliweka mkono juu ya kichwa cha Gesare, kwenye kitambaa. "Nilimtolea ng'ombe mwenyewe, kwa pesa ya chai yangu, kwa jina la nyumba yangu na ya Cleophas. Mbuzi alichinjwa. Watoto ni wangu kwa ng'ombe, na ni wake kwa uchungu, na hakuna mtu wa Birongo wala wa wapi atakayetutenganisha na hao watoto. Wazee walioshuhudia wamekufa. Sasa ninyi mmesikia. Nyaboke, umesikia?"

Nyaboke alikuwa ameshika mdomo. Alitikisa kichwa kwamba ndiyo, polepole, na macho yake yalikuwa kwa Gesare, si kwa Persis. Miaka yote hiyo alikuwa akimwombea huyu mwanamke kanisani apate mtoto.

"Gesare," alisema, "aki nisamehe."

Gesare alikuwa ameinama, uso kwenye mkoba, mabega yanatikisika.

"Mtakwenda kumwambia Ombui, najua," Persis aliendelea. "Wengine wenu mtapiga simu kabla sijafika kwa hiyo skani. Mpigeni. Mwambieni na hilo la ng'ombe pia, msikate maneno." Akamgeukia nesi. "Haya, msichana wa Birongo. Umeniita mbele ya watu, nimekuja. Chumba ni kipi?"

Gladys alikuwa amebaki na mdomo wazi. Kucha zake zilichezea beji.

"Mathe, nilikuwa nakuita nikuambie," alisema, sauti imeshuka. "Mtu wa mashine ameshaenda. Huwa hapa asubuhi tu. Rudi Jumatatu. Au ujaribu mjini kwa watu binafsi, kama uko na uwezo."

Persis alimtazama yule msichana kwa muda, akingoja neno lingine, maana ilionekana lazima kuwe na lingine.

"Ulipaza sauti yote ile," alisema mwishowe, "kuniambia hakuna?"

"Pole, mathe. Sio mimi. Ni vile hapa hupangwa."

Persis aliitafuta pini sakafuni kwa macho, asiione. Gesare aliiokota chini ya benchi, akapiga magoti mbele yake palepale, watu wote wakitazama, akaikusanya sketi, akaifunga. Kisha Persis akamshika bega, wakatembea wote wawili mpaka mwisho wa ukumbi, kwenye mlango wa chumba cha skani, ulioandikwa kwamba usiingie bila ruhusa. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Persis aliketi chini, mgongo kwenye mlango huo, miguu amenyoosha. Gesare alitandika leso, akaketi kando yake, na safari hii hakuna nafasi iliyobaki katikati.

Nyaboke aliwaletea chai kwenye kikombe cha chupa yake, akaketi nao. Alipoitwa kwa presha yake hakwenda.

Daktari Onyiego alipita, akawaona, akasimama, akaingia ofisi moja na kutoka, akaingia nyingine, akaonekana anapiga simu ambazo hazishikwi. Watu wa benchi walipungua mmoja mmoja. Jioni askari wa langoni alikuja na rungu lake na rundo la funguo.

"Kina mama, tokeni sasa. Nafunga."

Persis hakuinuka. Alilaza kichwa mlangoni, mkono wake juu ya tumbo, mwingine mkononi mwa Gesare.

"Funga," alimwambia. "Sisi tuko ndani."